Usimwite Dada Yako Arudi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za Januari, nina miaka ishirini na sita, nimechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe na ndoo iko katikati ya magoti, nikaulizwa swali ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu. Lakini kabla sijafika huko, mwanangu Lusajo, hebu weka simu mezani. Iweke hapo ninapoiona. Nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio.

Nilikusikia jana pale barazani ukiongea na dada yako. "Neema, mzee anahitaji mtu wa kumwogesha na kumgeuza. Omba ruhusa uje, hata miezi mitatu tu." Ukaongeza na hili: "Mimi mwanaume, nitaanzia wapi?" Simu yako ina sauti kama spika za kanisani, nikasikia mpaka alivyoshusha pumzi. Akasema atakujibu leo jioni. Mtoto huyo yuko Iringa, anapima maji kwenye maabara, na bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Akiondoka sasa, kiti chake kitakaliwa na mwingine kabla basi lake halijafika Makambako. Wewe hulijui hilo? Unalijua sana. Ila ndiyo hivyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kaa. Sikufokei, siku nikikufokea utajua. Nataka nikusimulie jinsi nilivyolifanya kosa hilihili wewe ukiwa hujazaliwa, na mimi sikuwa na simu, nililifuata kosa langu kwa basi mpaka Mbeya mjini.

Babu yako alizaa watoto saba, tukabaki wawili, mimi na shangazi yako Tupokigwe. Mama yetu alitangulia mapema. Mimi nilikuwa nimeshamuoa mama yako, tunaishi kwa mzee kule Masoko, migomba mbele ya nyumba, kahawa nyuma, na ng'ombe watatu bandani. Tupokigwe alikuwa Mbeya, mwaka wa pili chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka mmoja amalize. Mzee alikuwa akimtaja kwa watu hata pasipo na sababu. Mtu anakuja kuomba mche wa mgomba, anaambiwa habari za binti yake na gauni jeupe. Mimi jambo hilo lilikuwa likinikereketa kidogo, sikufichi. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani na jembe, na hakuna aliyetajiwa jembe langu.

Basi siku moja mzee akaangukia shambani kwenye kahawa. Upande mzima wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Hospitali walimtibu wakatuambia turudi naye nyumbani, tumwogeshe, tumgeuze, tumfanyishe mazoezi ya mkono na mguu kila siku. Nikaitikia "sawa daktari, sawa daktari," kichwani nikijiuliza ni nani huyo atakayefanya.

Mama yako asingeweza. Siyo kwa uvivu, unamjua mama yako. Mila yetu ya Kinyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Siku hizi mkeo Rehema ananisalimia mlangoni, tunataniana, mambo yamelegea. Zamani, thubutu! Mama yako akimwona mzee njiani anaacha njia, anaingia migombani na kujitanda khanga usoni mpaka apite. Chakula chake alikiweka kizingitini, mimi nikakiingiza ndani. Mwanamke wa namna hiyo utamwambia aende akamvue mzee shati?

Wakabaki watu wawili, mimi na Tupokigwe. Na mimi sikujihesabu. Hapo ndipo penye kosa lenyewe, mwanangu, lielewe vizuri. Sikukaa nikapima nikaona siwezi. Halikunijia kabisa akilini kwamba mimi nami ni mtu wa kuhesabiwa. Nikavaa koti langu la harusi, nikapanda basi, nikamwambia mkuu wa chuo kwamba binti anahitajika nyumbani. Tupokigwe alitoka akanisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Kaka, mtihani ni mwezi wa sita. Nikisubiri mpaka mwezi wa sita?"

Nikamjibu, "Baba atasubiri mpaka mwezi wa sita kuogeshwa?"

Nilijiona nimesema neno la mtu mzima hasa. Akaenda kufunga sanduku lake. Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani, na mimi nilisinzia vizuri kabisa.

Sasa turudi kwenye ng'ombe. Kwetu kukamua ni kazi ya mwanaume toka enzi, na mimi nilikuwa fundi, usicheke. Nilikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mkaidi, asiyekubali mtu mwingine. Kila asubuhi nilimpashia maji, nikayajaribu kwa kiwiko, nikachovya kitambaa laini na kumwosha kiwele taratibu huku nikimwimbia. Mvua inanyesha au hainyeshi, maji ya vuguvugu hayakumkosa. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo nikiwa mdogo.

Asubuhi ile akaja Mzee Asegelile. Huyu alikuwa rika moja na babu yako. Walikua pamoja na kujenga kijiji chao cha vijana pamoja, kama walivyofanya watu wa rika lao, walikula sahani moja miaka hamsini. Kila siku alipita kumwona mwenzake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kinyakyusa ndicho alichokizungumza kwa raha, na alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Akasimama mlangoni mwa banda, maji yanamchuruzika kwenye kofia, ananitazama nikimwosha ng'ombe.

"Ugonile, gwe mwana," akanisalimia. "Maji hayo ya moto?"

"Ya vuguvugu, tata," nikamjibu, kama anavyoitwa baba. "Ya baridi yanamshtua, anabana maziwa."

"Nani alikufundisha?"

"Baba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. "Baba yako alikufundisha ng'ombe asishtuke. Na yeye anaogeshwa na nani?"

"Si yupo Tupokigwe?"

"Umewahi kumwona uso wake, akiogeshwa na binti yake?"

Nikamwambia sijawahi, ile ni kazi ya wanawake, mimi wakati huo huwa nakwenda shambani. Mzee Asegelile akaingia bandani, akaniinamia mpaka nikasikia harufu ya ugoro.

"Anageukia ukutani," akasema, sasa kwa Kinyakyusa. "Yule mwanaume niliyejenga naye nyumba ya kwanza anageukia ukutani na kulia, kwa sababu binti yake wa kumzaa anamvua nguo. Na binti naye analia, akitoka nje kumwaga maji. Wewe una mikono miwili, Ambakisye, naiona hapo imeshika kiwele kwa upole kama mama. Ikifika kwa baba yako inakufa ganzi? Una mikono miwili nyumbani, ukapanda basi mpaka Mbeya kuazima mingine miwili! Kwa nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Ningesema ni mila? Mila ilimzuia mke wangu, haikunizuia mimi. Ningesema sijui namna? Mtu anayejua kumwosha ng'ombe mkaidi asipigwe teke, kipi kinamshinda kwa mzee asiyeweza hata kunyanyua mguu? Ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yote chini. Mzee Asegelile hakuyaangalia. "Magoti yangu hayakunjiki tena," akasema, "la sivyo ningemwogesha mwenyewe wala nisingekuja kukuuliza. Njoo nikuonyeshe." Akatangulia mvuani.

Niliona aibu, nakwambia ukweli. Siyo aibu ya kukemewa, aibu ya kumshika baba yangu. Nilikuwa sijamgusa tangu nilipokuwa mtoto, zaidi ya kumpa mkono. Nilimtoa shati nikitazama dari. Nikamwagia maji mengi mpaka yakamwingia sikioni, sabuni ikamwingia jichoni. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akanipiga kofi kisogoni. Kisha akacheka. Alikuwa hajacheka tangu aanguke. Mzee Asegelile naye akacheka kwenye kigoda chake, akasema, "Ng'ombe wako hakupigi kofi, eti?"

Nilipomaliza kumfunika, mzee akanishika kifundo cha mkono asiniachie. Ulimi wake ulikuwa mzito, kila neno alilivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Akasema neno moja. "Mrudishe."

Hakusema ni nani, na sikuhitaji kuuliza. Miezi minane Tupokigwe alikuwa nyumbani, na hakuna siku hata moja niliyomuuliza baba mwenyewe anataka nini. Aligeuzwa, akalishwa, nasi tukamwamulia, kama vile ulimi ukiwa mzito na akili imeondoka.

Kesho yake tukapanda basi, mimi na Tupokigwe, na lile sanduku. Hii sehemu naisema upesi kwa kuwa haina utamu. Chuoni wakatueleza kwa upole kwamba mtihani umempita na nafasi yake imeshachukuliwa. Aombe upya mwakani, aanze na wengine. Mwakani akaomba, hakuchaguliwa. Mwaka uliofuata akaolewa. Gauni lake jeupe alilikata akawashonea wanawe fulana, na mimi niliwaona wakizichezea matopeni nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Majuto ni mjukuu, wanasema watu. Mimi ninao wajukuu sita na majuto ni wa saba, naye ndiye mkubwa wao.

Baba nilimwogesha miaka minne mpaka alipokufa. Ndiyo, walinicheka. Kijana mmoja wa rika langu alinibandika jina, "Nesi," na likanishika mpaka sokoni Tukuyu: "Nesi, ndizi bei gani?" Nililimeza. Miaka kumi baadaye huyohuyo alikuja kwangu asubuhi mapema, kofia mkononi, baba yake ameanza vidonda vya mgongo, anataka nimwonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa. Nilikwenda. Nilitaka sana kumtania, lakini nilipouona uso wake nikaacha.

Na lile shamba la Masoko, ambalo baba zako wadogo, wana wa ndugu za babu yako, hawajanisamehe mpaka leo, niliposema nusu ni ya Tupokigwe waliniuliza tangu lini binti akarithi kahawa. Nikawajibu kwamba binti huyu alilipia kwa kitu ambacho wao hawana. Usinisifu lakini. Shamba si chuo. Nilimpa nusu ya kilichokuwa cha baba yetu, ila kile nilichomnyang'anya kilikuwa chake peke yake, na hakuna mpaka wa shamba ninaoweza kuusogeza nikamrudishia.

Sasa kumbuka Jumanne iliyopita. Shangazi yako alikuja kunitazama, na maparachichi yake kwenye ndoo, akakaa pale kwenye kiti cha plastiki. Wewe ukaja na kile kimashine cha kupima presha ulichoazima, ukanifunga mkanda juu ya shati. Akakutazama kidogo. Halafu akasema, polepole kama mtu anayeongea huku anashona: "Mkanda haukai juu ya nguo, Lusajo. Mtoe mkono kwenye shati. Uwe juu kidogo ya kiwiko, na mkono ulale usawa wa moyo. Na asiongee wakati unapima." Ukacheka ukamuuliza, "Shangazi, wewe umesomea wapi?" Unakumbuka alichokujibu? Alisema, "Nilipita tu." Kisha akaanza kuchambua maparachichi yaliyoiva.

Zaidi ya miaka arobaini, mwanangu. Hajashika kipimo tangu nilipomfungisha sanduku, na bado kila kitu kimo kichwani, kimepangwa. Sasa unajua alipita wapi na nani alimtoa njiani.

Haya, nisikilize nikutajie ninachotaka. Kwanza tuangalie hali yetu. Sisi wazee siku hizi tunaishi sana, dawa zipo, tunaanguka tunainuliwa, na ninyi mnazaliwa wachache. Babu yako alizaa saba, mimi nimezaa wewe na Neema. Pita huu mtaa wetu wa Makandana uhesabu nyumba zenye mzee ndani na watoto wako mbali. Kesho watakuwa wengi zaidi, na wewe utakuwa mmoja wao, maana ujana ni moshi. Kama katika watoto wawili mmoja anajiona hahusiki kwa kuwa ni mwanaume, basi mzee ana nusu ya watoto wake. Na yule wa pili akiacha kazi kuja kubeba peke yake, naye atazeeka hana lolote, atalelewa na nani? Uzee mmoja mtautengenezea uzee mwingine.

Mtu hazaliwi anajua kuuguza. Mwanamke naye hazaliwi anajua, anafundishwa, na wewe utafundishwa. Mimi nilikuwa na ng'ombe, wewe una pikipiki. Kila Jumamosi unaiosha kwa maji na sabuni ya povu, hata spoku unazipitia moja moja kwa mswaki, nakuona kwenye hili dirisha. Mikono unayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama yako mgongo wake umechoka, hawezi kuninyanyua, na hata angeweza, amenifulia miaka arobaini na kitu, imetosha. Rehema ana cherehani yake na wateja wake; asiwe mtu wa pili wa kuvutwa baada ya Neema. Akitaka kusaidia atasaidia kwa moyo wake. Na mwanao Gwamaka, miaka minane sasa, mfundishe kukoroga uji bila mabonge sawasawa na dada yake, na dada yake asome sawasawa na yeye. Ukingoja akue kwanza atakwambia maneno uliyomwambia Neema jana.

Na uniulize. Nitakapokuwa siwezi kusema, tazama uso wangu nikiogeshwa. Lakini kwa leo nasema mwenyewe, ulimi wangu mzima: sitaki Neema aje kukaa. Aje Krismasi na zawadi kama watu wengine. Nataka kumtaja mtoto huyo kwa kila anayekuja hapa, hata asiyeniuliza, kama baba yangu alivyomtaja Tupokigwe, na safari hii nisiukatishe utajo huo katikati.

Chukua sasa simu. Usisubiri jioni, akili ya mtu inaweza kufunga sanduku kabla ya jioni. Mpigie umwambie maneno haya tu: "Baki. Mimi nipo." Usimweleze mengine, hayo nitamweleza mimi.

Mungu akubariki, Lusajo, wewe na dada yako kwa kipimo kimoja, asimpunguzie mmoja ili amjazie mwingine. Akupe miaka mingi yenye nguvu, na ikija ile isiyo na nguvu, ikukute na watoto wasiokimbiana. Mikono yako isichoke kabla ya moyo wako. Na shangazi yako, Mungu amlipe kile nilichoshindwa kumlipa mimi.

Umeshampigia? Anasemaje? ... Analia? Mwache alie kidogo, anapumzika. Haya, kata simu ukapashe maji. Yajaribu kwanza kwa kiwiko. Ya vuguvugu, mwanangu, ya baridi yananishtua.